Boila Iliyojazwa Maji Kila Asubuhi: Uchambuzi wa Kisa cha Hitilafu Wakati wa Baridi Kali

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha familia moja ya Waswahili inayoishi katika nyumba ya kupanga kaskazini mwa England, na kilitokea kati ya Oktoba na Desemba 2022. Jina la familia, mji, mwenye nyumba, wakala wake na mafundi waliohusika yameondolewa, na baadhi ya mambo yasiyogusa kiini cha kisa yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Nimekichagua kwa sababu boila yao, yaani mtambo unaopasha nyumba joto na maji ya bomba, haikuharibika ghafla. Kwa karibu miezi miwili ilikuwa ikionyesha dalili ambayo watu wote wa nyumba waliiona kwa macho yao, lakini waliichukulia kuwa kazi ya kawaida ya nyumbani. Baridi ilipokuwa kali, hitilafu ya pili ilikuja juu ya ile ya kwanza na kuifunika, na hiyo ya pili ilipoondolewa, kila mtu aliamini kwamba boila imepona.

Usuli

Nyumba yenyewe ni ya matofali, ina ghorofa moja, imeshikana na nyumba za jirani pande zote mbili, na nyuma yake kuna ua mdogo. Waliokuwa wakiishi humo ni baba, mama, binti anayesoma sekondari, mtoto wa miaka minne, na bibi mzaa baba, ambaye alifika mwezi wa Septemba kutoka pwani ya Tanzania kuja kukaa na wajukuu zake.

Boila ilikuwa ya gesi, ya aina inayoitwa kombi, iliyotundikwa kwenye ukuta wa jikoni. Boila ya namna hii haina tangi la kuhifadhia maji ya moto. Hupasha maji ya bomba papo hapo mtu anapofungua koki, na wakati mwingine hupasha maji ya aina nyingine, yale yanayozunguka ndani ya redieta za vyumbani, yaani mabamba ya chuma yanayotoa joto. Maji hayo ya redieta yamo katika mzunguko uliofungwa. Hayatakiwi kutoka wala kuongezwa mara kwa mara, na presha yake husomwa kwenye geji iliyo sehemu ya chini ya boila. Mfumo ukiwa umepoa, sindano ya geji hutakiwa kusimama kati ya bar 1 na 1.5. Ukipata moto, maji hupanuka na sindano hupanda kidogo, pengine ikakaribia bar 2, kisha hurudi pale pale maji yanapopoa. Kinachowezesha hali hiyo ni chombo cha upanuzi: kopo la chuma lililogawanywa kwa utando wa mpira, upande mmoja likiwa na hewa iliyoshindiliwa na upande wa pili maji. Maji yanapopanuka husukuma utando, na hewa hubonyea na kuyapa nafasi.

Nchini Uingereza mwenye nyumba anawajibika kisheria kuhakikisha vifaa vya gesi vinakaguliwa kila baada ya miezi 12 na fundi aliyesajiliwa katika Gas Safe Register, na kumpa mpangaji nakala ya cheti cha ukaguzi. Familia hii ilikuwa na cheti cha mwezi wa Agosti, na kwa sababu hiyo ilikuwa na hakika kwamba boila ni nzima. Aidha, mwishoni mwa Septemba wakala wa mwenye nyumba alikuja kufunga jikoni kengele ya kaboni monoksidi, hewa ya sumu itokanayo na uunguzaji, kwa kuwa kuanzia Oktoba 1, 2022 sheria ya England iliwataka wenye nyumba kuweka kengele hiyo katika kila chumba cha kuishi chenye kifaa kisichohamishika kinachounguza mafuta au gesi, ukiacha majiko ya kupikia.

Jambo la mwisho la usuli ni bei. Majira yale gharama za gesi na umeme zilikuwa zimepanda kiasi ambacho serikali iliingia kati kuziwekea ukomo, na hata kwa ukomo huo nyumba ya matumizi ya kawaida ilikadiriwa kulipa pauni 2,500 kwa mwaka. Baba aliamua kuwa joto litawashwa asubuhi kwa muda mfupi na jioni kuanzia saa kumi na moja hadi saa nne usiku, kisha lizimwe kabisa mpaka alfajiri. Uamuzi huo unaeleweka, na familia nyingi zilifanya vivyo hivyo, lakini utaonekana tena katika kila hatua ya kisa hiki.

Oktoba na Novemba: geji inayoshuka

Familia ilipohamia nyumba hiyo mwaka uliotangulia, fundi mmoja alimwonyesha baba namna ya kuongeza maji kwenye mfumo: kufungua koki mbili ndogo za bomba la kujazia, kuangalia sindano mpaka ifike kwenye mstari wa kijani, kisha kuzifunga. Yalikuwa maelekezo sahihi. Hakuambiwa, hata hivyo, ni mara ngapi kazi hiyo inakubalika kufanywa.

Katikati ya Oktoba, joto lilipoanza kuwashwa, redieta zilibaki baridi asubuhi moja na geji ilikuwa karibu na sifuri. Baba aliongeza maji, boila ikawaka. Wiki mbili baadaye ilimbidi aongeze tena. Mwezi wa Novemba akawa anaongeza kila wiki, na ilipofika mwanzo wa Desemba alikuwa akifanya hivyo kila alfajiri baada ya kuswali, kabla ya kwenda kazini. Kwa kuwa kila mara boila iliwaka, hakuna aliyeona kuna la kuripoti.

Wakati huohuo redieta mbili za ghorofani zikaanza kuwa baridi sehemu ya juu na moto sehemu ya chini. Hiyo ni alama ya hewa iliyonaswa ndani. Baba alizifungua kwa ufunguo wake mdogo, hewa ikatoka, na redieta zikapata moto. Lakini kila alipotoa hewa presha ilishuka zaidi, naye akaongeza maji mengine. Maji mapya ya bomba huja na hewa iliyoyeyuka ndani yake, na yanapopashwa hewa hiyo hutengana na maji na kupanda juu ya redieta. Kwa maneno mengine, dawa aliyoitumia ndiyo iliyozaa tatizo la siku iliyofuata. Oksijeni hiyo pia hula chuma cha redieta kutoka ndani, na kutu inayomomonyoka hugeuka tope jeusi linaloziba njia za maji.

Bibi alikuwa na taarifa ambayo wengine hawakuwa nayo. Yeye ndiye aliyekuwa akitoka uani kila jioni kutupa taka na kuangalia nguo kwenye kamba, na mara kadhaa aliwaambia kwamba kuna kibomba cha shaba kinachotokeza ukutani, karibu na jikoni, kinachodondosha maji. Akajibiwa kwamba nchi hii mvua haiishi na kila kitu kinadondosha maji. Nalisema hili bila kumlaumu mtu, kwa sababu nimeona katika familia nyingi za ughaibuni kwamba mgeni mzee hudhaniwa haijui nyumba ya huku, ilhali ndiye mwenye muda wa kuitazama.

Juma la barafu

Kuanzia siku ya 7 hadi ya 17 Desemba 2022 baridi kali ilitanda juu ya Uingereza nzima. Huko Braemar, katika nyanda za juu za Scotland, kipimo kilishuka hadi nyuzi 17.3 chini ya sifuri. Katika mji wa familia hii hakikushuka kiasi hicho, lakini usiku kwa usiku kilikuwa chini ya sifuri, na mchana hakikupanda vya kutosha kuyeyusha barafu iliyokuwa uani.

Asubuhi ya Jumatatu, Desemba 12, baba aliongeza maji kama kawaida, sindano ikafika mstari wa kijani, lakini boila haikuwaka. Ilijaribu mara kadhaa, ikatoa sauti ya kugugumia kama mtu anayesukutua, kisha ikajifunga na kuonyesha tarakimu za hitilafu kwenye kioo chake. Baba alibonyeza kitufe cha kuwashia upya; ikarudia yaleyale. Binti alimpigia simu wakala kwa niaba ya wazazi na kusema kwamba boila haifanyi kazi. Akaambiwa simu ni nyingi kutokana na baridi, na fundi angefika Alhamisi.

Jirani mmoja, mzee aliyeishi mtaa huo kwa miaka mingi, aliposikia ile sauti ya kugugumia aliitambua mara moja. Boila za kisasa hupoza moshi wake kabla haujatoka kwenye dohani, ili kuchukua joto lililomo katika mvuke, na mvuke huo ukipoa hugeuka maji yenye asidi kidogo. Maji hayo hutolewa nje kwa bomba jembamba la plastiki. Bomba hilo likipita nje ya ukuta kwa umbali mrefu bila kufunikwa, maji yanayotiririka humo kidogokidogo huganda, njia huziba, maji hurudi nyuma hadi ndani ya boila, na boila hujifunga kwa usalama wake. Jirani na mama walipasha maji yakawa ya vuguvugu, si ya kuchemka, kwa sababu maji ya kuchemka yanaweza kupasua plastiki iliyoganda na kumuunguza anayemimina; wakayamwaga polepole kwenye kona za bomba na sehemu yake ya mwisho, wakamwaga chumvi kwenye sakafu ya ua ili watu wasiteleze, kisha wakabonyeza kitufe. Boila ikawaka.

Saa chache baadaye mama aliwaambia wakala kwamba tatizo limekwisha na fundi asije tena.

Jumanne ikapita salama, ila asubuhi baba aliongeza maji kama alivyozoea. Jumatano jioni joto lilipowashwa, binti aliona jambo jipya: sindano ya geji ilikuwa imepanda hadi eneo jekundu, karibu na bar 3, na nje kulisikika sauti ya maji yakifoka ukutani. Usiku wa manane nyumba ilikuwa imepoa, na alfajiri ya Alhamisi geji ilisoma sifuri. Waliongeza maji, boila haikuwaka. Wakamwaga maji ya vuguvugu kwenye bomba la plastiki kama walivyofundishwa, lakini safari hii halikuwa limeganda, na boila haikubadilika.

Jiko la mkaa, oveni na maumivu ya kichwa

Ndani ya nyumba kulikuwa na nyuzi 11. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba nyumba za nchi zenye baridi zisishuke chini ya nyuzi 18, na kwa mtoto mdogo na mtu mzima wa umri wa bibi tofauti hiyo si ndogo.

Uani kulikuwa na jiko la mkaa walilokuwa wakichomea mishikaki wakati wa kiangazi. Bibi, kwa nia ya kumwokoa mjukuu wake na baridi, alisema, "Mwanangu, tuwashe mkaa nje ukolee vizuri, kisha tuliingize sebuleni." Mama alimjibu, "Hapana mama, nisamehe. Nyumba hizi hazina upenyo wa hewa kama zetu, huo mkaa utatuua tumelala." Akatoka, akalifungia jiko katika banda la baiskeli. Kwangu mimi huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika kisa hiki. Mkaa uliokolea vizuri hautoi moshi, na ndiyo maana watu wengi wa kwetu huuamini. Lakini kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na mkaa mwekundu huitoa kwa wingi. Katika nyumba ya pwani yenye madirisha wazi na paa linalopitisha hewa, gesi hiyo hutawanyika. Katika nyumba ya England iliyozibwa mianya yote ili kutunza joto, huweza kufikia kiwango cha kuua usingizini.

Hata hivyo, familia iliangukia kosa la aina hiyohiyo. Waliwasha oveni ya gesi, wakauacha mlango wake wazi, wakafunga mlango wa jikoni na kukaa humo wote. Baada ya saa mbili hivi bibi na mtoto walilalamika kuumwa kichwa, na mtoto akasema anataka kutapika. Kengele haikulia. Mama alikuwa anakumbuka karatasi iliyokuja na kengele hiyo, ambayo ilitaja maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu kuwa dalili za sumu ya kaboni monoksidi, hasa zikiwapata watu zaidi ya mmoja kwa pamoja. Hakusubiri. Alizima oveni, akafungua madirisha, akawatoa watu wote kwenda kwa jirani, na kutoka huko wakapiga namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999, ambayo hupokelewa saa 24 katika England, Wales na Scotland.

Mkaguzi wa dharura alifika, akapima hewa, akakagua mabomba ya gesi na dohani. Hakukuta kuvuja kwa gesi wala kaboni monoksidi, ingawa madirisha yalikuwa wazi kwa muda mrefu kabla hajafika na boila yenyewe ilikuwa imezimika tangu usiku. Aliwakataza kutumia oveni kama hita na akaondoka. Baba alishangaa kwamba hakuitengeneza boila. Kazi ya huduma hiyo ni kuondoa hatari. Ukarabati wa boila ni jukumu la mwenye nyumba. Maumivu ya kichwa yaliisha mchana huo, na chanzo chake hakikuthibitishwa.

Fundi alichokuta

Wakati wa kutoka nje, bibi alimshika jirani mkono akampeleka penye kibomba cha shaba alichokuwa akikitaja tangu Novemba. Chini yake kulikuwa na nguzo ya barafu iliyoshikamana na ukuta, nene kama mkono. Jirani alielewa, kwa kuwa kibomba hicho ni njia ya kutokea ya vali ya usalama, nacho katika boila nzima hutakiwa kuwa kikavu siku zote. Siku hiyo ujumbe mpya ulipelekwa kwa wakala, na fundi mwenye kitambulisho cha Gas Safe alikuja asubuhi ya Ijumaa.

Jambo la kwanza alilolifanya ni kubonyeza vali ndogo ya kujazia hewa kwenye chombo cha upanuzi. Ingetoka hewa tu, angefahamu kwamba chombo kinahitaji kupigwa pampu. Yalitoka maji, na maana yake ni kwamba utando wa mpira ulikuwa umepasuka na upande wa hewa umejaa maji. Kuanzia hapo kila kitu kilieleweka. Kila jioni maji yalipopata moto yalikosa mahali pa kupanukia, presha ikapanda mpaka bar 3, vali ya usalama ikafunguka kama ilivyoundwa kufanya, na maji yakatoka uani. Usiku mfumo ulipozimwa na kupoa, maji yaliyobaki yalisinyaa, na geji ikashuka chini ya kiwango ambacho boila hukubali kuwaka. Asubuhi baba alirudisha maji yaliyopotea, na mzunguko ukaanza upya. Vali yenyewe, kwa kufunguka mara nyingi, ilikuwa imepata chembe za uchafu kwenye kikalio chake na haikuweza tena kujifunga sawasawa.

Alibadilisha chombo na vali, akamwaga maji machafu ya mfumo, akajaza mapya pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Bomba la plastiki la nje, lililokuwa jembamba na limelala karibu sawa badala ya kuteremka, alilibadilisha likawa la milimita 32, akalifupisha, akalipa mteremko na kulivika sifongo ya kuzuia baridi.

Matokeo

Kipindi chote kilichobaki cha baridi boila haikujifunga tena. Geji ilisoma 1.3 asubuhi na kama 1.7 jioni, na baba hakuongeza maji mpaka majira ya machipuko. Joto la usiku halizimwi tena kabisa siku za barafu. Kidhibiti huwekwa kwenye kiwango cha chini, ili mabomba yasigande na nyumba isianze siku kutoka kwenye baridi ya jiwe. Mwenye nyumba ndiye aliyelipa gharama zote, kwa sababu sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji, kifungu cha 11, inamtaka kutunza mitambo ya kupasha joto na maji ya moto katika upangaji wa namna hii.

Hasara iliyobaki ni redieta moja ya ghorofani, ambayo mpaka sasa hupata moto juu na kubaki baridi chini. Hiyo ni kinyume cha alama ya hewa: ni tope la kutu lililotuama. Ni matunda ya maji mapya ya kila asubuhi.

Uchambuzi: kuongeza maji kulikuwa dalili

Mfumo uliofungwa unaopoteza presha unayapeleka maji mahali fulani. Kuongeza maji mara moja au mbili kwa mwaka, tuseme baada ya kutoa hewa kwenye redieta, hakuna ubaya. Kuongeza kila mwezi kunahitaji maelezo, na kuongeza kila wiki ni hitilafu, hata kama boila inawaka na nyumba ina joto. Kilichoipoteza familia hii ni kwamba kitendo cha baba kilifanikiwa kila mara. Kama kingeshindwa mwezi wa Oktoba, fundi angeitwa wakati ambapo mafundi wana nafasi, na huenda mfumo usingejaa tope.

Mwenendo wa dalili ulikuwa na uzito kuliko dalili yenyewe. Wiki mbili, kisha wiki moja, kisha kila siku: mpangilio huo hauwezi kuwa wa mfumo ulio imara. Lakini haukuandikwa popote, na kumbukumbu ya mtu aliyechoka hulainisha mambo, hivi kwamba baba alipoulizwa Desemba alisema amekuwa akiongeza "mara mojamoja". Kipande cha karatasi chenye tarehe, kilichobandikwa kwenye mlango wa kabati la boila, kingetosha.

Geji pia ilisomwa wakati mmoja tu. Ukiitazama asubuhi pekee utaona mfumo unaovuja, na mahali pa kwanza utakapotafuta ni chini ya redieta na kwenye maungio ya mabomba. Ukiitazama jioni pia na kuona imepanda hadi 3, swali linabadilika kabisa: tatizo si kwamba maji yanatoroka, bali yanafukuzwa. Tofauti kubwa kati ya presha ya baridi na presha ya moto huelekeza kidole kwenye chombo cha upanuzi, na hili mpangaji yeyote anaweza kuliona bila kufungua hata skrubu moja. Kufungua boila yenyewe si kazi yake. Kisheria kazi ya gesi ni ya fundi aliyesajiliwa, na nyuma ya kitambulisho cha fundi huandikwa aina za kazi anazoruhusiwa.

Uchambuzi: barafu iliyofunika hitilafu

Kuyeyusha bomba lililoganda kulikuwa uamuzi sahihi na ulifanywa kwa usalama. Kosa lilikuwa kumzuia fundi baada ya hapo. Boila ilikuwa na matatizo mawili, na lile lililoondolewa lilikuwa dogo. Yupo mtu atakayesema kwamba mama hakuwa na namna ya kujua, lakini siamini hivyo, maana asubuhi ileile, kama kila asubuhi, mfumo ulikuwa umehitaji kujazwa maji. Bomba la nje lililoganda haliathiri presha ya redieta hata kidogo. Dalili ambayo haielezwi na chanzo kilichopatikana inapaswa kubaki kwenye orodha, na miadi ya fundi isifutwe kwa sababu kifaa kimewaka.

Cheti cha Agosti nacho kilipewa maana ambayo hakina. Ukaguzi wa mwaka wa mwenye nyumba huangalia usalama: uunguzaji wa gesi, dohani, uingizaji hewa, vifaa vya kujizima. Unaweza kupita bila mtu kugusa chombo cha upanuzi. Huduma kamili ya boila ni kazi nyingine, na mpangaji ana haki ya kuuliza ni ipi kati ya hizo iliyofanyika.

Uchambuzi: hewa wanayovuta

Hatua za mama alipoona wawili wanaumwa kichwa zilikuwa sahihi kwa mpangilio wake: kuzima, kufungua, kutoka, kisha kupiga simu akiwa nje. Kwamba kipimo hakikuonyesha kitu hakupunguzi usahihi wake. Kimya cha kengele nacho hakikuwa sababu ya kubaki ndani. Kengele za viwango vya Ulaya huundwa zisilie haraka katika viwango vya chini: kwa sehemu 50 za kaboni monoksidi katika kila sehemu milioni za hewa hulia baada ya dakika 60 hadi 90, kwa sehemu 100 baada ya dakika 10 hadi 40, na kwa sehemu 300 ndani ya dakika 3. Mwili wa mtoto au wa mtu mzima mwenye maradhi unaweza kutoa taarifa mapema kuliko mashine. Boila yenyewe inaweza kuwa chanzo pia, na alama zake zinajulikana: mwali wa njano uliolegea pale unapopaswa kuwa wa buluu, masizi au madoa ya kahawia kuzunguka kifuniko, na unyevu usio wa kawaida kwenye madirisha ya chumba ilimo. Ukiona alama hizo, hakuna kujaribu kuiwasha tena.

Uchambuzi: namna ya kuripoti

Ripoti ya kwanza, "boila haifanyi kazi", ilikuwa kweli lakini haikumsaidia mtu. Ilitolewa na msichana wa shule aliyekuwa akitafsiri maneno ya wazazi kwa haraka kabla ya kukimbilia basi, na wakala aliipanga foleni pamoja na nyingine zilizofanana nayo. Ni desturi katika nyumba zetu za ughaibuni kumwachia mtoto simu zote za Kiingereza, na sioni kwamba desturi hiyo inawatendea haki watoto, wala haifai kwa jambo lenye hatari ya gesi ndani yake. Baba angeweza kuandika kwa Kiswahili kwa utulivu na kuomba mtu mzima wa jumuiya amtafsirie.

Ripoti ya Alhamisi ndivyo ilivyoandikwa. Iliambatana na picha mbili za geji, moja ya jioni ikiwa kwenye eneo jekundu na moja ya alfajiri ikiwa sifuri, pamoja na picha ya nguzo ya barafu chini ya kibomba cha shaba na ya tarakimu zilizokuwa kwenye kioo cha boila. Ilisema kwamba ndani kuna nyuzi 11, kwamba wamo mtoto wa miaka minne na mtu mzima wa zaidi ya miaka 70, na kwamba mkaguzi wa dharura wa gesi ameshafika. Ilitaja pia kwamba endapo hakutakuwa na jibu siku hiyo, idara ya afya ya mazingira ya halmashauri itaarifiwa, kwa kuwa halmashauri ina mamlaka ya kukagua nyumba yenye baridi ya kudhuru na kumlazimisha mwenye nyumba kuirekebisha. Wakala alijibu kabla ya adhuhuri na kumtumia fundi picha zote. Fundi alizitazama akiwa bado karakana, akatambua kinachowezekana kuwa kibovu, na ndiyo maana siku ya Ijumaa alifika akiwa na chombo kipya na vali mpya ndani ya gari.